Nyama na Mnyama: Historia ya Sheria za Ulinzi wa Wanyama Kisangani

1. Utangulizi

Historia ya Kisangani imeandikwa zaidi kwa kufuata pembe, mpira, kazi za shokoa na vita. Katika maandishi hayo mnyama hutokea mara nyingi, lakini hutokea akiwa bidhaa, chakula au hatari. Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo kwa upande mwingine. Yanachunguza namna sheria zilizotumika katika mji huo na misitu inayouzunguka, tangu kituo cha Stanley Falls kilipoanzishwa mwezi Desemba 1883, zilivyomtazama mnyama, na mahali zilipoyaweka maumivu yake.

Hoja inayotetewa ni kwamba sheria hizo zilimlinda mnyama kwa sababu tatu zilizofuatana: kwanza kwa ajili ya pembe zake, pili kwa ajili ya mtu anayemmiliki, na tatu kwa ajili ya jamii yake isitoweke duniani. Maumivu yenyewe yaliingia katika sheria kwa njia ya pembeni tu, kupitia makatazo ya zana na mbinu za kuwindia. Matokeo yake ni kwamba ukatili wa kila siku, ule unaoonekana sokoni, bandarini na barabarani, ulibaki nje ya mipaka ya sheria hizo, ijapokuwa wenyeji walikuwa na maneno na desturi za kuukemea.

2. Lugha na desturi kabla ya sheria ya dola

Kiswahili sanifu hutofautisha nyama na mnyama. Kiswahili cha Kisangani, kama kilivyo Kiswahili cha sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo, hutumia neno nyama kwa maana zote mbili: kiumbe anayepita msituni ni nyama, na kitoweo kilichomo chunguni ni nyama pia. Jambo hili si la Kiswahili peke yake, kwani lugha nyingi za Kibantu zina shina hilohilo kwa maana hizohizo. Msomaji asiharakishe kuhitimisha kwamba watu wenye neno moja hawaoni tofauti. Neno hilo linaonyesha tu kwamba katika nchi ya msitu, ambako mifugo ilikuwa haba, mnyama alijulikana kwanza kwa njia ya uwindaji.

Hata hivyo uwindaji ulikuwa na masharti yake. Katika jamii nyingi za msitu wa Kongo chui alihesabiwa kuwa mnyama wa mtawala, na ngozi na meno yake hayakuwa mali ya kila aliyemuua. Koo nyingine zilikuwa na miiko juu ya wanyama fulani. Miiko hiyo haikutungwa kwa lengo la kumpunguzia mnyama maumivu, lakini iliweka mpaka: si kila kiumbe aliyeweza kuuawa aliruhusiwa kuuawa, wala si na kila mtu.

Mbwa wa uwindaji ni mfano mwingine. Ulimwenguni kote jina basenji hutumika kwa mbwa mdogo wa misitu ya Kongo ambaye habweki kama mbwa wengine. Wengi hulihusisha jina hilo na neno washenzi, ambalo kwa matamshi ya bara huanza na kiambishi ba-. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo. Jina alilopewa linabeba dharau ya wafanyabiashara na watawala kwa watu wa msitu, na mbwa akarithi dharau ya bwana wake. Kwa mwindaji, lakini, mbwa huyo alikuwa mshirika wa kazi.

Wangwana waliokuja na biashara ya Unguja walileta sheria ya aina nyingine. Waislamu wa Kisangani, ambao jumuiya yao ilianza na watu hao, walijua kwamba kisu cha kuchinjia sharti kiwe kikali, kwamba mnyama asinolewe kisu mbele ya macho yake, wala asichinjwe mwenziwe akitazama. Walijua pia masimulizi ya Hadithi juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na juu ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Hapa maumivu ya mnyama yametajwa waziwazi, na kutomlisha kumehesabiwa kosa. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba kanuni hiyo ilikuwako mjini kabla ya sheria yoyote ya Wazungu.

3. Pembe kama kiini cha sheria, 1883–1908

Kanuni ya machinjoni, lakini, haikufika kwenye njia za pembe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, aliacha tawasifu yake katika Kiswahili. Ndani yake pembe huhesabiwa kwa frasila, na tembo mwenyewe haonekani sana nyuma ya uzito huo. Mtazamo wa dola ya Mfalme Leopold II haukuwa tofauti. Amri ya mwaka 1889 iliyokataza kuwinda tembo bila ruhusa ilihusu nani mwenye haki ya kupata pembe, kuliko namna tembo anavyokufa.

Tarehe 19 Mei 1900 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia na Dola Huru ya Kongo walitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa porini, ndege na samaki wa Afrika. Mkataba haukupata kuthibitishwa na nchi zote, lakini katika Kongo ulifuatwa na amri ya uwindaji ya tarehe 29 Aprili 1901. Mambo manne ya mkataba huo yanafaa kuangaliwa kwa makini.

Kwanza, uliwagawa wanyama kwa faida na hasara. Tai na bundi walilindwa kwa kuwa na manufaa. Sokwe na twiga kwa kuwa adimu. Simba, chui, fisi, mamba na nyoka wenye sumu waliwekwa katika orodha ya wale ambao idadi yao ilitakiwa kupunguzwa, na mayai ya mamba yaliamriwa kuharibiwa. Pili, ulizuia kuua majike wanaofuatana na watoto wao. Tatu, ulitaka pembe za tembo zenye uzito chini ya kilo 5 zitaifishwe, ili tembo wachanga wasiuawe. Nne, ulikataza sumu na baruti katika uvuvi, na kutaka nyavu na mashimo ya mitego yawekewe mipaka.

Katika kipengele cha nne ndipo maumivu yanapokaribia kutajwa, lakini sababu iliyotolewa ilikuwa upotevu: mtego na sumu huua wengi kuliko wanaohitajika. Hata zuio la kumuua jike mwenye mtoto, ambalo msomaji angeweza kulidhania kuwa la huruma, lilikuwa hesabu ya uzazi.

Katika miaka hiyohiyo dola ilianza kuwafuga tembo wa Kongo. Kazi hiyo ilianzishwa na Jules Laplume huko Kira-Vunguti mwaka 1900, ikaendelezwa Api katika nchi ya Uele, kaskazini mwa Kisangani. Ndama walitenganishwa na mama zao na kufundishwa kuvuta na kubeba. Kisa cha mwaka 1879 kilikwisha kuonyesha gharama ya mipango ya namna hiyo: tembo wanne wa India walioshushwa karibu na Dar es Salaam kwa amri ya Leopold walianza safari ya kwenda ziwa Tanganyika, na mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Wenzake walikufa njiani katika safari iliyowachosha kupita kiasi. Tembo walitafutwa kwa sababu mzigo wa Kongo ulikuwa ukibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Katika dola hiyo sheria ya kumlinda tembo ilitangulia ulinzi wowote wa maana kwa mpagazi. Ukweli huu unaeleza kwa nini, hata baadaye, wenyeji wengi hawakuisikia sheria ya wanyama kama sauti ya huruma.

4. Koloni ya Ubelgiji na mnyama wa mtu, 1908–1960

Katika makoloni ya Waingereza ukatili kwa wanyama ulifanywa kosa linalojitegemea. Chama cha kuwalinda wanyama kilianzishwa Nairobi mwaka 1910. Uganda ilipata sheria yake ya kuzuia ukatili mwaka 1957, na ile ya Kenya ikaanza kutumika karibu na uhuru wa 1963. Sheria hizo zilitokana na desturi ya kisheria ya Uingereza iliyoanza mwaka 1822, lakini zilikutana na hali halisi ya Afrika ya Mashariki: punda wa pwani, maksai wa mikokoteni, ng'ombe wanaoswagwa kwa miguu hadi sokoni. Methali isemayo afe punda, mzigo wa bwana ufike, ilikuwa imekwisha kuitaja hali hiyo kwa uchungu kabla ya hakimu kuitungia adhabu.

Kisangani, iliyoitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, haikuwa na mnyama wa namna hiyo. Mbung'o na ugonjwa wa nagana viliwazuia ng'ombe, farasi na punda kustawi katika msitu. Mjini hapakuwa na farasi wa kuanguka barabarani mbele ya macho ya watu, na kwa hiyo hapakutokea kile kisa ambacho Ulaya na pwani kiliwafanya watu wadai sheria.

Sababu ya pili ilikuwa ya kikatiba. Hati ya Koloni ya tarehe 18 Oktoba 1908 ilisema kwamba Kongo ni kitu mbali na Ubelgiji na itatawaliwa kwa sheria zake maalumu. Ubelgiji ilipotunga sheria ya kuwalinda wanyama tarehe 22 Machi 1929, sheria hiyo haikuvuka bahari kwa nguvu zake yenyewe. Mnyama wa Brussels na mnyama wa Stanleyville walikuwa chini ya bendera moja, lakini chini ya sheria mbili.

Kanuni ya adhabu ya Kongo, iliyopangwa upya kwa amri ya tarehe 30 Januari 1940, ilimtaja mnyama wa kufugwa katika sehemu ya uharibifu wa mali. Kosa lilikuwa kumuua au kumjeruhi vibaya, kwa uovu na bila ulazima, mnyama wa mtu mwingine. Maneno "kwa uovu na bila ulazima" yana harufu ya maadili, lakini maneno "wa mtu mwingine" ndiyo yanayoamua. Mwenye mbuzi aliyempiga mbuzi wake au kumnyima maji hakuguswa na kifungu hicho. Aliyedhulumiwa mbele ya sheria alikuwa mwenye mali, na mbuzi alikuwa kielelezo cha hasara.

Kwa wanyama wa porini, mkataba wa pili wa London, wa mwaka 1933, ulienda mbali zaidi kuliko ule wa 1900. Ulikataza kuwinda kwa taa kali, sumu na silaha zenye sumu, na ulitaka nyavu, mashimo, mitego, vitanzi na bunduki za kutegwa vikomeshwe kadiri iwezekanavyo. Okapi aliwekwa katika daraja la juu la ulinzi. Amri ya tarehe 21 Aprili 1937 kuhusu uwindaji na uvuvi iliendeleza mambo hayo katika Kongo.

Hapa pana utata ambao mwanahistoria hana budi kuukabili. Zana zilizokatazwa zilikuwa zana za wenyeji. Bunduki yenye leseni ilikuwa zana ya wageni na ya wachache waliopendelewa. Ni kweli kwamba kitanzi humtesa mnyama kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa. Ni kweli pia kwamba tembo aliyekosewa na risasi hutembea na jeraha lake hadi afe mbali na macho ya mwindaji. Sheria iliona mateso ya aina ya kwanza na kuyafumbia macho yale ya pili.

Okapi anatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Mnyama huyu, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 1901, alitamaniwa na bustani za wanyama za Ulaya. Wa kwanza kufika Antwerp, mwaka 1919, hakuishi hata miezi miwili. Baadaye kituo cha Epulu, katika msitu wa Ituri, kilifanywa mahali pa kuwakamata na kuwatunza. Njia iliyotumika kuwakamata ilikuwa shimo lililofunikwa kwa majani, na ujuzi wake ulikuwa wa wawindaji wa msitu. Shimo lililokuwa haramu mikononi mwa mwindaji likawa halali katika kazi ya serikali. Kilichobadilika ni mwenye idhini. Shimo lilikuwa lilelile.

5. Kutoka mnyama mmoja hadi jamii nzima, tangu 1960

Baada ya uhuru msisitizo ulihamia kwenye uhifadhi. Amri-sheria ya tarehe 22 Agosti 1969 ilihusu uhifadhi wa maumbile. Nchi, iliyokuwa ikiitwa Zaire, iliingia mwaka 1976 katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 ilipanga upya uwindaji, pamoja na orodha za wanyama wanaolindwa kabisa na wanaolindwa kwa kiasi. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992 na kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1996. Mwaka uliofuata iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Katika fikra hii mpya mnyama alilindwa akiwa mmoja wa kundi lake. Mafanikio yake hayapaswi kubezwa, kwa maana bila sheria hizo huenda baadhi ya jamii zingekwisha kutoweka. Lakini orodha ina tabia yake. Kima ambaye jina lake limo humo huwa na serikali nyuma yake. Kima ambaye jina lake halimo, akifungwa kiunoni kwa kamba fupi na kuachwa juani, hana mtetezi katika sheria hiyohiyo, ingawa maumivu yao ni mamoja.

Vita viliidhoofisha hata orodha yenyewe. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya Kisangani na kuua mamia ya raia. Tarehe 24 Juni 2012 wanamgambo walivamia Epulu, wakaua watu, wakiwemo walinzi wa hifadhi, pamoja na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni. Okapi hao hawakuuawa kwa ajili ya nyama wala biashara. Walikuwa alama ya mamlaka iliyowazuia wavamizi kuwinda tembo na kuchimba dhahabu. Tukio hilo linajibu kwa sehemu swali linaloulizwa mara nyingi, kwamba yafaa nini kujadili maumivu ya wanyama mahali ambapo watu wenyewe wameteswa. Mkono uliowaua walinzi ndio uliowaua okapi, kwa siku moja na kwa nia moja.

6. Mto na soko

Penye vita ukatili ni wa makusudi. Sokoni hali ni nyingine, na hapo ndipo sheria ilipo dhaifu zaidi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Kisangani wamechunguza nyama ya pori inayoingia mjini: mboloko, makako, nguruwe mwitu na wengineo. Wengi hufika wakiwa wamekaushwa kwa moshi. Mamba wadogo wa msituni na kobe hufika wakiwa hai, na sababu yake ni rahisi kueleweka. Mahali pasipo na barafu, mnyama aliye hai haozi. Mamba akifungwa taya na miguu huweza kukaa majuma kadhaa bila chakula na bado akauzwa akiwa mbichi. Kwa mfanyabiashara anayeteremka mto kwenda Kinshasa, safari ya yapata kilometa 1,700 ambayo huchukua siku nyingi, uhai wa mamba ndio sanduku lake la baridi.

Mbuzi na kuku nao hufika mjini wakiwa wamefungwa juu ya baiskeli, mara nyingi vichwa vikining'inia. Anayesukuma baiskeli hiyo kwa siku kadhaa naye huchoka na kuona njaa. Kumwita katili kungekuwa kuukwepa ukweli. Hana chuki na mbuzi. Hana gari, hana barabara, wala hana banda la kumpumzisha mnyama. Mateso ya namna hii yanatokana na umaskini wa njia za usafiri, na kwa hiyo kifungo peke yake hakiwezi kuyaondoa.

Kasuku wa kijivu ni kisa cha tatu. Hunaswa kwa wingi katika misitu ya Tshopo na ya Lomami, mara nyingi kwa ulimbo, kisha husongamanishwa katika vizimba ambamo wengi hufa kabla ya kufika kwa mnunuzi. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, kasuku huyu alihamishiwa kwenye orodha ya juu kabisa ya mkataba wa biashara ya kimataifa. Hoja iliyoshinda ilikuwa kupungua kwa idadi yake. Vifo vya vizimbani vilihesabiwa kuwa sehemu ya upungufu huo. Hata hapa mnyama mmojammoja alipata msaada kwa sababu tu alikuwa sehemu ya tarakimu.

Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile iliipa nchi msingi mpya wa kisheria, ikifuata Katiba ya 2006, ambayo kifungu chake cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira salama. Ni sheria pana. Lakini kama jina lake linavyoonyesha, inahifadhi maumbile. Mbuzi wa juu ya baiskeli hayumo katika maumbile yanayohifadhiwa.

7. Hitimisho

Mfululizo huu unaonyesha kwamba kila kipindi kilikuwa na mnyama wake. Dola ya Leopold ilimwona tembo kwa sababu ya pembe, koloni likamwona ng'ombe au mbuzi kwa sababu ya mwenyewe, na jamhuri ikamwona okapi kwa sababu ya uadimu wake. Kiumbe asiye na pembe, asiye na mtetezi zaidi ya mmiliki wake, na asiye adimu hakuonekana. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na wakazi wa Kisangani kila siku.

Tanzania ilipotunga sheria yake ya ustawi wa wanyama mwaka 2008 ilikuwa ikiendeleza desturi ya kisheria iliyoachwa na Waingereza. Kisangani haina haja ya kuazima desturi hiyo nzimanzima. Tangu mwaka 2015 mji huu ni makao makuu ya jimbo la Tshopo, lenye bunge lake lenye uwezo wa kutunga sheria za jimbo katika mambo yaliyo chini ya mamlaka yake, na masoko na bandari zake zinajulikana. Historia iliyoelezwa hapa inatoa funzo la tahadhari: sheria itakayoanza na makatazo juu ya mwindaji na mchuuzi itasikika kama amri ya 1937 ilivyosikika. Banda la kivuli na maji pale mnyama anapoteremshwa, pamoja na kisu kikali machinjoni, vingeanza kutenganisha mambo mawili ambayo sheria za zamani ziliyachanganya, yaani kuua na kutesa. Mtofautisho huo si mgeni mjini. Wachinjaji wa Kiislamu wameujua tangu enzi za Wangwana, ingawa hakuna mamlaka iliyowahi kuwauliza.